Mbolezi Isiyomtaja Marehemu: Muziki wa Filamu, Vita na Kumbukumbu za Wayahudi

Wahenga walinena kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Methali hii ilinijia akilini jioni moja muhula uliopita, pale wanachama wapatao thelathini wa chama chetu tulipokusanyika katika ukumbi mdogo wa mihadhara kutazama rekodi ya tamasha la okestra. Mhadhiri wetu mmoja, ambaye ni mpenzi mkubwa wa filamu, ndiye aliyetuletea. Jukwaani walikuwa wamejipanga wanamuziki zaidi ya sabini waliovalia nguo nyeusi. Nyuma yao palikuwa na pazia tupu, wala hapakuonyeshwa picha yoyote. Kilichopigwa ni muziki wa filamu zinazohusu Vita vya Pili vya Dunia na masaibu ya Wayahudi wa Ulaya: Schindler's List, The Pianist, La vita è bella. Mwongoza okestra hakutamka neno tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwenzangu aliyeketi kando yangu, kijana ambaye sikuwahi kumwona akitokwa na chozi, alilia. Taa zilipowashwa nilimwuliza kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, ulikuwa unamlilia nani?" Akajipangusa uso kwa kiganja, akacheka kwa haya, kisha akanijibu, "Hata sijui. Ni ile fidla tu."

Jibu hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Simlaumu mwenzangu, kwani hata mimi koo lilinikaba. Wala makala haya hayadhamirii kupinga matamasha ya aina hiyo. Laiti yangefanyika mengi, hata humu nchini. Ninachodai ni hiki: muziki wa filamu ukitengwa na picha, maneno na majina, kisha ukapigwa ukumbini kana kwamba umejitosheleza, huwa mbolezi isiyomtaja marehemu. Utatuliza, lakini hautatukumbusha. Na iwapo tamasha limetangazwa kuwa la kumbukumbu, basi lina deni ambalo machozi pekee hayawezi kulilipa.

Lahani na Orodha

Na tuanze na muziki ambao takriban kila tamasha la aina hii huupiga. Filamu ya Schindler's List iliyoongozwa na Steven Spielberg ilitoka mwaka 1993. Msingi wake ni kitabu cha Thomas Keneally kilichochapishwa mwaka 1982, nacho kinasimulia habari za Oskar Schindler, mfanyabiashara wa Kijerumani na mwanachama wa chama cha Wanazi, ambaye aliwaokoa Wayahudi zaidi ya elfu moja kwa kuwaandikisha kazi kiwandani mwake. Muziki wake ulitungwa na John Williams, na fidla ikapigwa na Itzhak Perlman. Inasimuliwa kwamba Williams alipoitazama filamu hiyo kabla haijatiwa muziki, alimwambia Spielberg kuwa kazi hiyo ilihitaji mtunzi bora kuliko yeye. Spielberg akamjibu kwamba analijua hilo, ila watunzi hao wote wamekwisha kufa.

Nguvu ya lahani ile haikanushiki. Fidla huingia peke yake huku okestra ikiwa chini kama watu wanaonong'ona matangani. Hupanda, ikafika mahali ikasita, kisha ikashuka kana kwamba imeishiwa na pumzi. Msikilizaji wa taarab hahitaji kufunzwa jinsi fidla inavyoweza kulia. Sikio la Mswahili lilikwisha kuzoea kilio hicho zamani, na pengine ndiyo maana ukumbi wetu ulinyamaza ghafla siku ile.

Lakini hebu tulizingatie jina la filamu yenyewe. Ni orodha. Mapema katika filamu hiyo kuna majina: makarani wanatandaza meza na karatasi katika kituo cha garimoshi mjini Kraków, na familia za Kiyahudi zilizoamriwa kuingia mjini zinataja majina yao moja baada ya jingine. Baadaye majina yanarudi tena, safari hii yakipigwa taipu usiku, na kila jina linaloongezwa ni roho moja inayoepushwa na kambi ya maangamizi. Filamu inakamilika kwa manusura wenyewe kupita mmoja mmoja wakiweka vijiwe juu ya kaburi la Schindler mjini Jerusalem. Jina lile lile lililoandikwa na karani wa serikali ili mwenyewe awindwe, liliandikwa na karani wa kiwanda ili aishi. Hicho ndicho kiini cha kisa.

Sasa linganisha na tamasha tulilolitazama. Lahani ilibaki, orodha ikatoweka.

Mbolezi na Jina

Sisi tunaosoma fasihi simulizi tunayo istilahi inayotusaidia kulieleza pengo hili. Mbolezi ni wimbo wa kumlilia aliyefariki. Mwanafunzi yeyote wa somo hilo anajua kwamba mbolezi haikamiliki kwa toni ya huzuni tu. Mwombolezaji humwita marehemu kwa jina, akataja alikozaliwa na aliowazaa, akasifu ukarimu wake, mara nyingine akamlaumu kwa kuondoka na deni au kwa kumwacha mjane na mtoto mchanga. Jirani aliyepita njia akisikia mbolezi hiyo hujua ni nani aliyefariki. Ondoa jina na sifa, kinachosalia ni kilio, na kilio hicho kinaweza kuwa cha msiba wowote, hata cha mtu aliyeachwa na mchumba.

Wayahudi nao wanalifahamu hilo vizuri. Sala yao ya kumwombea marehemu iitwayo El Malei Rachamim ina nafasi maalumu ya kutaja jina lake. Taasisi ya kumbukumbu iliyoanzishwa mjini Jerusalem mwaka 1953 inaitwa Yad Vashem, maneno ya Kiebrania yaliyotolewa katika kitabu cha nabii Isaya na ambayo maana yake ni ukumbusho na jina. Wayahudi wapatao milioni sita waliuawa, na kwa miongo mingi taasisi hiyo imekuwa ikiwakusanya mmoja mmoja: huyu alikuwa mshonaji, yule alikuwa na miaka minne. Kazi hiyo haina mwisho wa haraka, lakini wanaoifanya wanaamini kwamba muuaji alikusudia kufuta mtu pamoja na jina lake, na kwamba kulirejesha jina ni kumnyima muuaji nusu ya ushindi wake.

Mfano mmoja utaidhihirisha hoja yangu. Katika filamu ya Schindler's List, Wanazi wanapovamia geto la Kraków na kuwaua wakaazi wake, kamera inamfuata msichana mdogo mwenye koti jekundu katika filamu ambayo karibu yote ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Wakati huo tunasikia kwaya ya watoto ikiimba wimbo wa Kiyidi uitwao Oyfn Pripetshik. Kiyidi ni lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Kati na Mashariki, yenye mizizi ya Kijerumani na inayoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Wimbo huo ulitungwa na Mark Warshawsky, aliyefariki mwaka 1907, kabla ya Wanazi kujulikana. Hauzungumzii kifo hata kidogo. Unamhusu mwalimu anayewafundisha watoto wadogo alfabeti karibu na moto katika chumba chenye joto.

Msomaji mpendwa, ni nani miongoni mwetu asiyeijua picha hiyo? Mtoto wa Lamu au Mombasa aliyeketi mkekani chuoni akisoma alifu, be, te mbele ya mwalimu wake ni ndugu ya mtoto huyo wa Kiyidi. Alefu ya Kiebrania na alifu ya hati ya Kiarabu iliyoandikia Kiswahili kwa karne kadhaa ni za ukoo mmoja. Spielberg na Williams walijua walichokifanya: waliweka wimbo wa kujifunza kusoma juu ya picha ya mtoto ambaye hatakua akasoma. Uchungu wa onyesho lile umo katika maneno ya wimbo. Lakini katika tamasha letu wimbo huo ulipigwa na ala tupu, bila mwimbaji, bila tafsiri, bila hata maelezo mafupi. Tuliusikia kama bembelezi la huzuni. Hakuna aliyejua kwamba ulikuwa darasa.

Muziki Si Malaika

Kuna wanaosema kwamba muziki unajieleza, na kwamba kwa kuwa unagusa moyo moja kwa moja, hauwezi kupotoka. Ningependa kuikana imani hiyo kwa ushahidi kutoka katika vita vile vile.

Katika onyesho hilo hilo la geto, askari mmoja wa Kijerumani anaketi kwenye piano ya familia iliyofukuzwa na kuanza kuipiga kwa ustadi huku risasi zikilia ngazini. Wenzake wawili wanasimama mlangoni wakibishana iwapo ni Bach au Mozart. Ni Bach. Onyesho hili fupi ni funzo kubwa: mtu anaweza kuwa na sikio jema na mkono wenye damu kwa wakati mmoja.

Wala hayo hayakuwa ya filamu tu. Katika kambi ya Auschwitz-Birkenau palikuwa na okestra ya wanawake wafungwa iliyolazimishwa kupiga muziki wafungwa walipotoka kwenda kazini na walipokuwa wakirudi. Kuanzia mwaka 1943 iliongozwa na Alma Rosé, mpiga fidla kutoka Vienna na mpwa wa mtunzi Gustav Mahler. Baba yake, Arnold Rosé, alikuwa kiongozi wa fidla katika okestra mashuhuri ya Vienna Philharmonic kwa zaidi ya miaka hamsini, hadi alipoondolewa mwaka 1938 kwa sababu alikuwa Myahudi. Alma alifariki kambini Aprili 1944. Nidhamu yake kali ilikuwa ngao ya wanamuziki wake, kwa sababu okestra iliyopiga vizuri haikupelekwa kwenye vyumba vya gesi, na wengi wao walinusurika. Mmoja wa walionusurika, mpiga selo Anita Lasker-Wallfisch, alikuja kuitumia sehemu kubwa ya uzee wake kutoa ushahidi kwa maneno, ingawa selo aliijua maishani mwake mwote. Nadhani alitambua kwamba selo isingeweza kusema yote.

Katika geto la Terezín, nchi ambayo leo ni Cheki, watoto waliigiza opera iitwayo Brundibár, iliyotungwa na Hans Krása. Iliigizwa humo mara 55. Juni 1944 wajumbe wa Msalaba Mwekundu walipozuru geto, walionyeshwa opera hiyo ili waamini kwamba Wayahudi wanatendewa wema. Miezi michache baadaye Wanazi walipiga filamu ya propaganda, na watoto hao wakaonekana humo wakiimba. Mwelekezi wake, mwigizaji Kurt Gerron, alikuwa mfungwa Myahudi aliyelazimishwa kazi hiyo. Oktoba 1944 Krása na Gerron waliuawa Auschwitz, na watoto wengi walioimba hawakusalimika. Hiyo nayo ilikuwa filamu, na huo nao ulikuwa muziki wa filamu. Wimbo mzuri uliwekwa mbele ya dunia ili usifiche chochote ila ukweli.

Kwa hiyo uzuri wa sauti si dhamana ya kumbukumbu. Uzuri unaweza kuwa pazia pia.

Urithi wa Watu Si Kifo Chao

Kuna kasoro ya pili, na kwangu hii ni nzito zaidi. Matamasha haya aghalabu hutangazwa kuwa yanaadhimisha urithi wa Kiyahudi. Lakini urithi unaosikika ni fidla inayolia, polepole, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Mtu asiyewajua Wayahudi atatoka ukumbini akidhani kwamba urithi wao ni kuuawa. Atakuwa amewafahamu kupitia wauaji wao.

Ilhali ukweli uko karibu sana, tena ndani ya muziki wa filamu wenyewe. Erich Wolfgang Korngold alizaliwa mwaka 1897 na kukulia Vienna, ambako alianza kusifiwa kuwa mtunzi wa ajabu angali mtoto. Mwanzoni mwa 1938 aliitwa Hollywood kutunga muziki wa filamu ya The Adventures of Robin Hood. Machi mwaka huo huo Ujerumani ikaimeza Austria. Korngold hakuweza kurudi; baadaye alikuwa akisema kwamba Robin Hood ndiye aliyemwokoa. Muziki huo ulimpatia tuzo ya Oscar. Vita vilipokwisha alitunga kazi kubwa ya fidla na okestra ambayo Jascha Heifetz aliipiga kwa mara ya kwanza mwaka 1947, na lahani zake nyingi alizichota kutoka filamu zake mwenyewe. Mkimbizi aliyenyang'anywa mji wake alizibeba lahani alizozitungia ugenini akazirudisha katika ukumbi wa tamasha.

Franz Waxman naye alipigwa na wahuni wa Kinazi barabarani mjini Berlin mwaka 1934, akakimbilia Paris kisha Marekani, akawa mmoja wa watunzi wakubwa wa Hollywood. Mwaka 1965 alikamilisha kazi ya kwaya na okestra iliyotumia mashairi ya watoto wa Terezín. Yeye hakuwaacha watoto wale bila maneno yao.

Maana ya habari hizi ni nini? Ni kwamba ile sauti pana ya okestra tunayoihusisha na sinema ya Marekani, ile ya tarumbeta, farasi na mashujaa, kwa kiasi kikubwa ilijengwa na watu waliofukuzwa Ulaya kwa kosa la kuzaliwa Wayahudi. John Williams, ambaye si Myahudi, aliirithi sauti hiyo, na wachambuzi wengi wamekiri kwamba muziki wake wa Star Wars wa mwaka 1977 una deni kwa Korngold. Basi urithi wa Kiyahudi uko pia katika tarumbeta inayofurahi. Tamasha linalotaka kuuenzi lipige Korngold pamoja na Williams. Lipige muziki wa arusi wa klezmer, ambao klarineti yake hucheka na kulia katika pumzi moja. Mtu hamlilii ipasavyo aliyefariki kama hajui alivyokuwa akicheka.

Je, Yanatuhusu?

Nimewasikia wenzangu wakiuliza: tuna makaburi yetu, mbona tuwalilie wa Ulaya? Swali hili si la utovu wa huruma, nami sitalipuuza.

Jibu la kwanza ni kwamba habari hizi hazikuishia Ulaya. Wanafunzi wanaopita University Way jijini Nairobi hupita kando ya sinagogi, na jamii ya Wayahudi imekuwako jijini tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilipendekeza kuwapa Wayahudi ardhi ya Uasin Gishu, bila kuwauliza wenyeji. Kongamano la Wazayuni lililikataa pendekezo hilo mwaka 1905. Kisha, katika miaka ya 1930, baadhi ya waliomkimbia Hitler walifika Kenya. Stefanie Zweig aliletwa mwaka 1938 akiwa msichana mdogo, akaishi hadi 1947, na mwaka 1995 akachapisha riwaya iliyotokana na maisha hayo. Caroline Link aliifanya filamu, Nirgendwo in Afrika, ambayo mwaka 2003 ilitunukiwa Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Humo utamwona Mkenya Sidede Onyulo akiigiza nafasi ya mpishi Owuor, na utasikia Kiswahili kikizungumzwa na mtoto Mjerumani aliyekifanya lugha ya nyumbani. Utaona pia kwamba vita vilipozuka mwaka 1939, serikali ya kikoloni iliwakamata wakimbizi hao hao kama raia wa nchi adui. Muziki wake ulitungwa na Niki Reiser, Mswisi ambaye pia amepiga filimbi katika bendi ya klezmer. Tamasha lolote la kumbukumbu hizi likifanyika Nairobi bila filamu hiyo litakuwa limeruka mlango wetu wenyewe.

Jibu la pili ni chungu zaidi. Schindler's List ilitunukiwa Oscar saba, ikiwemo ya muziki, tarehe 21 Machi 1994. Siku kumi na saba baadaye, tarehe 7 Aprili, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza Rwanda. Dunia iliyokuwa ingali inapangusa machozi ya sinema haikuinuka. Redio ya RTLM ilikuwa ikirusha nyimbo za Simon Bikindi, mwanamuziki mahiri; mwaka 2008 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha ilimtia hatiani kwa uchochezi, kutokana na maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti barabarani mwezi Juni 1994. Sisemi kwamba okestra ingeweza kuyazuia mauaji yale. Nasema kwamba mwaka ule ulionyesha wazi jinsi kulia kulivyo mbali na kukumbuka. Aliyekumbuka kweli angeyatambua maneno yale yale aliyoyasikia Ulaya miaka sitini iliyotangulia: kuitwa wadudu, kuhesabiwa, kuandikwa majina.

Pingamizi Mbili

Watakuwapo watakaosema kwamba kuongeza maneno kutaligeuza tamasha kuwa mhadhara. Sikubaliani nao. Mwaka 1962 Dmitri Shostakovich alitoa mjini Moscow simfonia yake ya kumi na tatu, ambayo sehemu yake ya kwanza inaimba shairi la Yevgeny Yevtushenko kuhusu Babi Yar, bonde la Kyiv ambako Wayahudi zaidi ya 33,000 waliuawa kwa siku mbili mwezi Septemba 1941. Wakati huo hapakuwa na mnara wa kumbukumbu bondeni. Wakuu wa Kisovieti walishurutisha baadhi ya maneno yabadilishwe. Hawakuigusa lahani, walichokiogopa ni maneno, kwa sababu yalitaja mahali na yalitaja waliouawa kwa jina la kabila lao. Woga wao ni ushahidi tosha wa hoja yangu.

Pingamizi la pili ni kwamba majina milioni sita hayasomeki katika usiku mmoja. Ni kweli. Lakini hata mbolezi haiwataji marehemu wote wa kijiji. Humtaja mmoja, na kupitia kwake wengine wakasikika. Kabla ya lahani ya Williams kupigwa, mtu mmoja asimame asome majina kumi. Wimbo wa Kiyidi uimbwe, na tafsiri yake iwe mkononi mwa kila msikilizaji. Tarehe na mahali viandikwe. Haya hayahitaji fedha nyingi wala dakika nyingi.

Hitimisho

Nasi wapenzi wa Kiswahili tusidhani kwamba kazi hii ni ya wenye okestra peke yao. Tumekuwa wepesi wa kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi, lakini ni nadra kuona tahakiki ya muziki wa filamu katika majarida yetu, ilhali vijana wengi hukutana na historia kwanza kupitia filamu. Lugha haijatupungukia. Tunayo lahani, mahadhi, ala, ghani, mbolezi na bembelezi. Tunao pia utamaduni wa kutafsiri ambao umekwisha kutuletea kazi nyingi za mbali. Kilichopungua ni nia ya kuuliza, baada ya taa kuwashwa, swali lile dogo: tulikuwa tunamlilia nani?

Wiki mbili baada ya jioni ile, mwenzangu alinipitia bwenini akiwa na karatasi mkononi. Alikuwa ameyatafuta maneno ya ule wimbo wa watoto na kuanza kuyatia katika Kiswahili. Alikuwa amekwama kwenye neno la pili tu. Pripetshik, alinieleza, ni sehemu ya mbele ya tanuri la nyumbani, pale moto unapoonekana. Je, aliite jiko, figa au meko? Tulibishana hadi chakula cha jioni kikatupita. Mwishowe tuliafikiana kwamba liwe meko, kwa kuwa mekoni ndiko watoto huketi na mkubwa akasimulia. Juu ya karatasi, kabla ya ubeti wa kwanza, alikuwa ameandika kwa herufi kubwa jina la Mark Warshawsky, na chini yake akaacha nafasi tupu. Nilipomwuliza ni ya nini, alisema bado anatafuta jina la mtoto mmoja wa geto la Kraków, ili tafsiri hiyo iwe na wa kumwimbia.